Usitundike mlima nyuma ya mlima
Mwalimu anajibu maswali yenu ya mawe

Toleo lililopita niliandika kuhusu suiseki, ile sanaa ya Wajapani ya kuchukua jiwe la asili lenye sura ya mlima, kisiwa au maporomoko na kuliweka ndani litazamwe. Tangu hapo barua zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu, na nyingi zinatoka kwa watu wa vikundi vya bonsai, yaani miti midogo inayolelewa kwenye vyungu, wanaojiandaa na maonesho ya msimu wa Nanenane. Naanza na ndefu, maana wengi wenu mmeuliza jambo hilohilo.

Mbukwa Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni fundi umeme, naishi Nkuhungu. Mvua zilipoisha nilikuta jiwe kwenye korongo upande wa Hombolo, urefu kama futi moja, lina kilele upande wa kushoto na mteremko mrefu kwenda kulia. Kila anayeliona anasema huo ni mlima. Kikundi chetu kitafanya maonesho mwezi wa nane. Nimepanga kuliweka katikati ya meza, nyuma yake nitundike picha kubwa ya Kilimanjaro yenye theluji, na kila upande adeniamu (waridi la jangwani) moja iliyochanua. Mke wangu anasema itapendeza. Kaka yangu anasema kuna kitu hakijakaa sawa ila hajui ni nini.
*Fundi wa Nkuhungu, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Kaka yako ana jicho. Kinachomkera ni kwamba umepanga kusema mlima mara mbili. Jiwe lako limeshasema mlima, tena kwa sauti ya chini, kwa kilele kimoja na mteremko. Ukitundika Kilimanjaro nyuma yake, na theluji yake na anga la buluu, mgeni ataangalia ukutani kwanza, kwa sababu picha ni kubwa na ina rangi. Akishusha macho mezani atakuta jiwe la kijivu limenyong'onyea. Umelileta ulipe heshima, halafu umeliwekea mpinzani mgongoni.

Wajapani wamelihangaikia jambo hili miaka mingi. Chumba cha wageni cha nyumba zao za jadi kina sehemu iliyoingia ndani ya ukuta, inaitwa tokonoma. Humo hutundikwa kakejiku, mchoro au maandishi marefu membamba ya kuviringishwa, mbele yake huwekwa mti au jiwe, na pembeni mmea mdogo wa chini. Kanuni kubwa ya humo ni kutorudia. Jiwe likiwa mlima, ukutani hapawekwi mlima. Unawekwa mwezi, au ndege wawili watatu wanaoruka mbali, au ukungu, au mstari mmoja wa maandishi. Jiwe linakwambia uko wapi, mchoro unakwambia ni saa ngapi na msimu gani, mmea unakwambia chini ya miguu yako kumeota nini. Ukivitazama pamoja unajikuta umesimama mahali fulani, jioni fulani. Hapo ndipo kazi yote ya meza inapoelekea, na kila ninachokwambia hapa chini kinatokana na hilo.

Sasa wewe mahali pako ni Dodoma, na wakati wako ni mwezi wa nane. Tunaujua. Upepo unapiga kutwa, asubuhi ni ya koti, mibuyu imebaki matawi matupu, vumbi jekundu limekaa kwenye vizingiti vya madirisha hata ukifuta mara ngapi. Basi hiyo ndiyo hali ya hewa ya meza yako. Ukutani tafuta mwezi. Mwombe mchoraji wa batiki akutengenezee kipande chembamba, upana wa shubiri mbili tu, chenye rangi ya mchanga mkavu, na duara moja hafifu la mwezi juu kidogo ya katikati. Aishie hapo. Asiongeze mbuyu, asiongeze twiga, asiongeze mama mwenye mtungi kichwani, hata akikwambia hizo ni bure. Usipompata mchoraji, mtafute mtu mwenye mwandiko mzuri akuandikie neno moja kwa wino mweusi kwenye kitambaa cha marekani kisichopakwa rangi. "Kipupwe" latosha. Lisiwe neno "Mlima".

Upangaji wenyewe uko hivi. Kilele cha jiwe lako kiko kushoto na mteremko unaenda kulia, kwa hiyo jiwe linatazama kulia. Mtu anayetazama upande fulani mpe nafasi upande huo. Liweke kushoto kwa katikati ya meza, na kulia uache uwazi. Mchoro utundikwe kulia kwa jiwe, usiwe sawasawa nyuma yake, ili kilele kisiuchomoze. Mmea ukae kulia zaidi, chini, na umesogea mbele kidogo. Ukisimama hatua tatu nyuma utaona pembetatu isiyo na pande sawa: juu mchoro, kati jiwe, chini mmea. Ukiamua kutumia ndege badala ya mwezi, aruke kuingia kwenye meza. Akiruka kutoka nje atakuondokea na macho ya mgeni.

Kitu kimoja kimoja. Ukiweka adeniamu mbili, moja huku na moja kule, umepamba jukwaa la maharusi. Na hata ukibakiza moja, adeniamu iliyochanua haifai kuwa msaidizi wa jiwe. Ina shina nene na maua mekundu. Ni mti wenye meza yake, na ukiwa nao mzuri uoneshe peke yake. Mmea wa pembeni unatakiwa uwe mfupi, mwembamba, usiojitangaza, kwenye chungu chenye rangi tofauti na jiwe na tofauti na kigoda chake, yaani kile kibao kinacholishika jiwe. Wajapani wanauita shitakusa unapomsaidia mwingine, na kusamono ukiwa umepandwa kama kazi yenyewe.

Mimi kwa mwezi wa nane nakushauri nyasi. Siyo ukoka wa bustanini. Zile nyasi za kando ya njia ambazo sasa hivi unazikanyaga. Zing'oe na udongo wake mwezi wa tano zingali na uhai, uzipande kwenye chungu cha kina cha vidole viwili, uzipunguzie maji taratibu. Mpaka siku ya maonesho masuke yatakuwa yamepauka, mabua yameinama upande mmoja kama upepo ulivyoyazoesha, na mtu akiinama karibu ataona chini kabisa, kwenye shina, ncha mbili tatu za kijani. Usizikate majani makavu. Usiweke kokoto nyeupe za dukani. Chini ya chungu weka ubao mwembamba au kipande cha gogo kilichokatwa bapa, kwa sababu chungu kikikaa moja kwa moja juu ya kitambaa kinaonekana kimesahaulika hapo.

Na kitambaa chenyewe, zungumza na kamati yenu mapema. Kumbi zetu zina desturi ya satini ya kung'aa, ya buluu au zambarau, iliyofungwa mafundo. Jiwe haliwezi kushindana na satini. Omba meza tupu, au shuka la kahawia au kijivu lililonyooshwa pasi. Ukuta ukiwa na rangi inayobanduka, simamisha milingoti miwili ya mbao na uvute marekani katikati yake. Halafu pandisha jiwe. Meza za shule na kanisa ni fupi, mgeni anaishia kutazama utosi wa mlima. Tokonoma hutazamwa na mtu aliyeketi sakafuni, macho yanakutana na jiwe kwa mbele. Weka kijimeza juu ya meza mpaka kilele kikaribie kifua cha mtu mzima.

Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni seremala, Mpwapwa. Mteja kaniletea jiwe jeusi, zito, na picha ya kigoda chake, anataka nimchongee kama hicho kwa mpingo. Jiwe chini halina usawa, linayumba. Nikamshauri tulikate kwa grainda liwe bapa, kisha tulibandike kwa gundi ya tailizi. Amekasirika, amechukua jiwe lake akasema atarudi. Kosa langu nini?
*Seremala, Mpwapwa*

Huna kosa, fundi; hukuambiwa mila ya kitu chenyewe. Hicho kigoda kinaitwa daiza, na kazi yake ni kulipokea jiwe lilivyo. Mbao ndiyo inayochongwa ifuate jiwe. Jiwe halichongwi lifuate mbao. Na halibandikwi, kwa sababu mwenye jiwe atataka kulitoa, kuliosha, kulishika, na pengine kesho kuliweka kwenye mchanga badala ya kigoda.

Mawe yaliyokatwa chini yapo, hata huko Japani, na watu wanabishana juu yake hadi leo. Msimamo wangu ni kwamba jiwe lililokatwa liitwe hivyo mbele ya kila mtu, na asiye na haraka aendelee kutafuta ambalo halihitaji kukatwa.

Njia ya kuchonga ni hii. Chagua kwanza jiwe litasimama vipi, na mteja awepo. Lisimamishe juu ya ubao mnene, zungusha penseli uchore alama ya chini yake. Chimba ndani ya alama kwa patasi, kidogo kidogo, ukianza na sehemu ambazo jiwe limeshuka zaidi. Kisha paka chaki ya rangi chini ya jiwe, liweke kwenye shimo, ulibonyeze, ulinyanyue. Panapobaki chaki kwenye mbao ndipo panapogusa. Ondoa hapo tu, utie chaki tena, uliweke tena. Utarudia mpaka uchoke, na utajua umefika pale jiwe litakapokaa bila sauti, lisiyumbe hata ukiligusa kwa kidole pembeni. Usiache nafasi kati ya jiwe na ukingo. Nafasi ya unene wa kadi inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Ukingo uwe mwembamba, ufuate jiwe linavyopanda na kushuka. Miguu iwe mifupi, uiweke chini ya sehemu nzito za jiwe, isigawanywe kwa rula. Maua na michoro ya kuchonga achana nayo, hata kama mkono wako unaiweza. Mpingo ni mzuri kwa rangi lakini unakula patasi, na kwa kigoda cha kwanza nakushauri mninga. Ukikosea umepoteza kipande cha bei nafuu. Malizia kwa msasa laini na mafuta kidogo, usitie vanishi ya kung'aa. Taa za ukumbini zikipiga kwenye vanishi, mgeni ataona kigoda kabla ya jiwe.

Shikamoo Mwalimu. Nimeolewa Mvumi. Sebuleni nina jiwe langu juu ya kigoda, nyuma nimetundika kitambaa chenye maandishi, mbele mshubiri mdogo kwenye chungu. Mama mkwe alikuja kututembelea, akaliangalia, akakataa kuketi chumba hicho. Anasema pale pana tambiko. Mume wangu kanyamaza tu. Nilitoe?
*Mama wa watoto wawili, Mvumi*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya jiwe, tumfikirie mama. Wazee wa Kigogo walikuwa na mawe ya mvua. Yalikuwa chini ya mtemi, hayakuwa ya kuchezewa, na mtu wa kawaida hakuyaweka sebuleni. Mzee aliyekulia kwenye habari hizo akikuta jiwe limekalishwa juu ya kigoda, nyuma yake kitambaa, mbele yake mmea, amesoma alichofundishwa kusoma. Hajakutukana. Amekuwa makini kuliko wageni wako wengine wote waliopita hapo wakadhani ni pambo.

Kwa hiyo usibishane naye, na usimtume mume wako akabishane. Siku akija tena, litoe jiwe kwenye kigoda kabla hajafika, uliweke juu ya meza ya kawaida. Mkaribishe, mpe chai, kisha mpe jiwe mkononi. Mweleze uliliokota wapi, nani alikuwa na wewe, na kwa nini ulilipenda: onesha kwa kidole kilele kiko wapi, bonde liko wapi. Halafu muulize kama mahali hapo pana habari yake. Akikwambia pana kisa, jiwe lirudi kwao, na usilirudishe peke yako, nenda na mtu wa pale. Akikwambia hapana kitu, mwache aamue lini ataketi.

Huko China kulikuwa na ofisa na mwandishi wa hati wa zama za Song, Mi Fu, aliyeishi mwaka 1051 hadi 1107. Inasimuliwa kwamba alipofika kituo kipya cha kazi alikuta jiwe la ajabu, akavaa nguo zake za heshima, akaliinamia na kuliita kaka mkubwa. Wachoraji wa kule wameichora hadithi hiyo karne kwa karne, na kwao ni hadithi ya mtu aliyependa mawe kupita kiasi. Nakusimulia wewe ujue kwamba mapenzi yako yana ukoo mrefu. Mama mkwe usianze naye hapo.

Jambo moja la upangaji, kwa kuwa umeuliza kwenye ukurasa huu: umeweka vitu vitatu kwenye mstari, nyuma, kati na mbele. Mpangilio huo unaleta sura ya madhabahu popote duniani. Sogeza kitambaa upande mmoja na mshubiri upande huohuo chini yake, jiwe likae upande wa pili. Sura itabadilika kabisa, na huenda hata mama akaliona hilo kabla hujamwambia.

Mwalimu, salaam kutoka Singida. Nina jiwe refu, la chini chini, lina vichwa vitatu vinavyochomoza, linanikumbusha ile miamba ya Ziwa Singidani. Nimesikia mawe mengine huwekwa kwenye trei ya mchanga. Trei hiyo naipata wapi, na mchanga gani?
*Msomaji, Singida mjini*

Jiwe la namna hiyo Wajapani wangeliweka kwenye kundi la visiwa, na mahali pake pazuri ni kwenye trei uliyoisikia, inaitwa suibani. Ni pana, ya kina kifupi, na haina tundu chini. Ya udongo uliochomwa ndiyo ya kawaida. Ya shaba nyeusi inaitwa dobani. Hapa kwetu usitumie sinia la bati, linang'aa mno. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie karatasi ya chuma, akunje kingo za sentimita 3 hivi, aipake rangi nyeusi au kahawia isiyong'aa. Au mpelekee mfinyanzi kipimo. Urefu wa trei ukaribie mara mbili ya urefu wa jiwe, kwa sababu hayo maji yanayozunguka kisiwa ndiyo yanayokifanya kiwe kisiwa.

Mchanga utoe mtoni, siyo kwenye kichanga cha ujenzi chenye mchanganyiko. Upepete kwa chekecheke mpaka chembe zilingane, uoshe hadi maji yawe meupe, uanike. Rangi yake iwe nyepesi kuliko jiwe. Jaza trei, zamisha jiwe kidogo tu ili mstari wa chini upotee, upande ambao linatazama uache wazi zaidi, kisha sawazisha mchanga kwa ubao na umalizie kwa unyoya. Alama za vidole zisionekane.

Sasa ujanja wenyewe. Dakika chache kabla ya wageni kuingia, nyunyizia jiwe na mchanga kwa chupa ya ukungu, ile ya saluni. Jiwe litakuwa jeusi, limeiva. Kwa ukavu wa hewa ya kanda hii litaanza kukauka vichwa kwanza, rangi itapauka juu huku chini bado pana unyevu, na kwa muda huo una kisiwa chenye jua juu na maji kuzunguka. Mgeni atakayekaa mbele yake kwa utulivu ataliona likibadilika. Nyunyizia tena likikauka.

Kwa kuwa tayari una maji mezani, ukutani usitundike mtumbwi wala samaki. Ndege wa majini mmoja, basi. Na kama umejaliwa kapicha kadogo ka kuchonga, tuseme kibanda, chagua kimoja: kiwe juu ya mchanga au kiwe ukutani.

Naomba kujua: mapango ya Kolo, Kondoa, yana mawe mazuri sana yaliyobanduka chini. Nikiokota dogo kuna tatizo?
*Dereva, Kondoa*

Lipo, na kubwa. Michoro ya miambani ya Kondoa ni mali ya taifa inayolindwa kisheria, na tangu 2006 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kipande kilichobanduka kinaweza kuwa na rangi ya mchoro upande usiouona. Usiokote hata kokoto. Mawe mengine utayapata kwenye makorongo mbali na hapo, kwa ruhusa ya mwenye shamba au ya serikali ya kijiji. Omba ruhusa hiyo hata kama hakuna anayekuangalia.

Jiwe langu limepauka. Rafiki ananiambia nipake vanishi au mafuta ya kupikia ling'ae. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Usipake chochote kati ya hivyo. Vanishi inaziba ngozi ya jiwe na haitoki, mafuta ya kupikia yatakamata vumbi la Dodoma yaje kunuka. Liweke nje juani, limwagilie maji kila siku, likipita mikononi mwako lisugue kwa kiganja kikavu. Wajapani wanaita malezi haya yoseki, na wanayapima kwa miaka. Ujue pia unalea jiwe gani. Mawe yao maarufu, kama yale ya Mto Kamo huko Kyoto, ni magumu na ya chembe laini. Granaiti yetu ni ya kale mno, miamba ya kitovu hiki cha Tanzania ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, lakini chembe zake ni kubwa na haitageuka nyeusi ya kung'aa hata ukiilea maisha yako yote. Uzuri wake uko kwenye umbo: jinsi inavyopasuka kwa mistari iliyonyooka halafu kona zikalainika, kama unavyoona vilima vya Mlimwa. Ukitaka jiwe la kuiva, tafuta yale meusi mazito ya chembe laini. Ukilipata lenye mshipa mweupe wa madini ya quartz unaoshuka kutoka juu hadi chini, hilo ni la maporomoko; niletee picha.

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni klabu ya mazingira ya shule ya sekondari hapa Dodoma. Tuna bonsai ya mkwaju na jiwe dogo la kuenea kiganjani, lina umbo la kilima. Tumepewa meza moja kwenye maonesho. Wengine wanataka mti uwe mbele, wengine jiwe. Kuna anayesema jiwe dogo litadharauliwa.
*Wanafunzi, Dodoma*

Marahaba wanangu. Udogo usiwatie wasiwasi. Jiwe mojawapo maarufu kabisa Japani linaitwa Yume no Ukihashi, na inasimuliwa kwamba Mfalme Go-Daigo, aliyefariki 1339, alikuwa akitembea nalo ndani ya mkono wa joho lake. Leo linatunzwa kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa mjini Nagoya. Na Wajapani walipoipa Marekani zawadi ya bonsai 53 mwaka 1976, waliambatanisha mawe 6. Miti na mawe vimezoea kusafiri pamoja.

Ila meza moja ina mkubwa mmoja. Kwa mlichonieleza, mkubwa ni mkwaju, maana jiwe la kiganjani haliwezi kuubeba mti. Jiwe basi lichukue nafasi ya mmea wa pembeni: mti juu ya kijimeza upande mmoja, jiwe chini upande wa pili kwenye kigoda chembamba, mbali vya kutosha lionekane kilima cha mbali kinachotazamwa kutoka chini ya mkwaju. Msiongeze mmea mwingine. Majani ya mkwaju ni madogo sana, ndiyo maana kilima kidogo kinakubalika karibu nao. Mngekuwa na mti wa majani mapana ningewaambia jiwe libaki shuleni. Ukutani msitundike mti. Mwezi, ndege, au neno, kama nilivyomwambia fundi wa Nkuhungu, na kwa kuwa mko shuleni mwandikeni wenyewe, mchague mwandiko bora wa darasa kwa kura ya siri msije mkagombana.

Wanaotaka jiwe liwe mbele wana haki pia. Wapeni zamu: siku ya pili ya maonesho mti uondoke kabisa mezani, jiwe lipandishwe kwenye kijimeza, na pembeni wekeni nyasi fupi. Wageni waliokuja jana watakuja tena kuona kilichobadilika.

Mwisho wekeni kadi, ndogo, imelala ukingoni mwa meza na siyo imesimama katikati ya vitu. Andikeni aina ya mti na mwaka mlioupanda, aina ya mbao ya kigoda na aliyekichonga, na mahali jiwe lilipotoka. Jina la korongo liandikwe kama wenyeji wa pale wanavyoliita, hata kama kwenye ramani halipo.